Fantasi ya kila siku: anayekula hela ni mjuzi wa mpira au mwenye kompyuta?

#1 MzeeWaKona
Wakuu, salaam. Niko Columbus, Ohio, kazi yangu ni malori, na muda wa kusubiri mzigo ndio muda wangu wa DraftKings, tovuti ya fantasi ya kila siku ya kuchezea hela. Nina hoja, naiweka wazi mniichambue.

Kwa wale mliozoea FPL pekee (fantasi ya Ligi Kuu ya England: unapanga kikosi cha kwenye karatasi, wachezaji wanakuletea alama kwa wanachofanya kwenye mechi halisi): huku kikosi ni cha siku moja. Unapewa bajeti ya dola 50,000 za kwenye karatasi, kila mchezaji ana bei yake, unapanga wachezaji 9 kama ni NFL (mpira wa Kimarekani), 8 kama ni soka au kikapu. Unalipa kiingilio cha hela halisi. Mechi zikiisha usiku, hela zinagawanywa, na kesho kila mtu anaanza na sifuri. Hakuna uhamisho, hakuna Wildcard ya kubadilisha kikosi chote, hakuna kusema nitarekebisha wiki ijayo.

Hoja yangu: kwenye mchezo huu kujua mpira hakukulipi. Kinacholipa ni kujua wenzako watampanga nani.

Chukueni mfano. Mchezaji wa akiba ana bei ya kutupwa, na yule anayemweka benchi ameumia asubuhi hiyo. Kila mtu anaona. Tuseme asilimia 60 ya washiriki wanamweka. Akicheza vizuri, umepanda pamoja na hao asilimia 60, yaani umebaki palepale ulipokuwa. Ukimwacha naye akaboronga, umewapita watu asilimia 60 kwa mara moja. Hesabu hiyo haihitaji ujue mpira hata kidogo, inahitaji ujue watu.

Nina marafiki wanaoweza kukutajia beki wa kushoto wa kila timu ya Championship. Kila wiki wanachangia mfuko wa wengine. Nipeni maoni yenu.

#2 KipangaWa254
Nimekaa siti ya mbele. Waje wajuzi.

#3 Binti_Pangani
Mkuu @MzeeWaKona, asante kwa uzi, ila umechanganya mashindano mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kuna yale ya nusu kwa nusu: watu 100 wanaingia, 50 wa juu wanalipwa sawasawa. Wa kwanza na wa hamsini wanapata kiasi kilekile. Huko yule mchezaji wako wa bei ya kutupwa unamweka bila kujiuliza mara mbili, kwa sababu akilipuka na wewe huna, umeachwa na asilimia 60 ya watu, na mstari wa kulipwa uko katikati hapohapo. Kumkwepa ni kutafuta balaa.

Halafu kuna mashindano makubwa, yale ya maelfu ya tiketi (kila kikosi unachoingiza ni tiketi moja), ambayo robo tu ya washiriki au pungufu wanarudisha chochote na hela nyingi inakaa kwa watu wachache wa juu. Huko ndiko hoja yako inakoishi. Huko kumaliza nafasi ya elfu kumi au ya elfu themanini ni karibu kitu kimoja, kwa hiyo unatafuta kikosi ambacho kikipatia kinapatia peke yake.

Mimi niko Boston, mji ambao DraftKings ilianzia mwaka 2012, na hapa hata kinyozi atakuuliza kwanza "unacheza yapi?" kabla hajakushauri kitu.

#4 FundiSaa
Kabla hamjafika mbali, semeni kuhusu makato. Nusu kwa nusu ya dola 10 inawalipa washindi dola 18. Watu 100 wameweka dola 1,000, wamegawana 900, mia moja imekwenda kwa mwenye duka. Kwa hiyo ukishinda nusu ya mara zako unapoteza hela. Gawanya 10 kwa 18: unahitaji kushinda takribani asilimia 55.6 ndipo usipate wala usipoteze.

Mtu anayeshinda mara 53 kati ya 100 ni mjuzi kuliko wenzake, hilo halina ubishi. Na bado anapoteza. Ndiyo maana ubishi wa "ujuzi au bahati" naona haujakamilika. Ujuzi unaweza kuwepo na usitoshe kulipa kodi ya mlango.

#5 KipangaWa254
@FundiSaa umeniharibia siku mkuu, hiyo 55.6 sikuwahi kuiona ikiandikwa hivyo.

Ndiyo maana sisi Nairobi tumetulia na FPL. Bure kabisa, pauni milioni 100 za kwenye karatasi, wachezaji 15, mwisho watatu kwa klabu moja. Ligi yetu ya ofisini tunachanga mwanzo wa msimu, mshindi anabeba Mei. Na huko kujua mpira kunalipa: ukimjua beki anayepanda kupiga vichwa kwenye kona, kila bao lake ni alama 5.

#6 Ubao_wa_Alama
Beki ni alama 6, kaka. Tano ni ya kiungo, nne ni ya mshambuliaji. Na kipa akifunga ni 10 tangu msimu wa 2024/25, kabla ya hapo alikuwa analipwa 6 kama beki.

Ukitaka mabeki, angalia zaidi kanuni iliyoingia msimu wa 2025/26: beki akifikisha matendo 10 ya kuzuia katika mechi moja, yaani kuondosha hatari, kukaba, kukatiza pasi na kuzuia mashuti, anapata alama 2 za ziada. Viungo na washambuliaji ni 12, ila wao wanahesabiwa na kuokota mipira pia. Mabeki wa kati wa timu ndogo wanaoshambuliwa dakika 90 wamepata thamani ambayo hawakuwa nayo.

#7 KipangaWa254
Sawa mwalimu, 6. Kumbe ndiyo maana nimekuwa nikipata alama nyingi kuliko ninavyohesabu.

#8 Mkwaju
Wote mnazunguka. Jibu ni kompyuta na mtaji. Mwaka 2015 uchambuzi wa McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, ulionyesha asilimia 1.3 ya wachezaji walibeba asilimia 91 ya faida yote. Rudia kuisoma. Hao asilimia 1.3 wana programu za makadirio zinazopanga vikosi 150 kwa dakika chache, wewe unapanga kimoja kwenye simu huku unakula mihogo.

Mashindano makubwa yanaruhusu mpaka tiketi 150 kwa mtu mmoja. Kwenye lile la kumtengeneza milionea, kiingilio dola 20, tiketi 150 ni dola 3,000 kwa Jumapili moja. Nani kati yetu humu anatoa dola 3,000 kabla ya mechi za saa saba mchana, na akizikosa Jumatatu anaenda kazini kama kawaida? Papa wana bahari yao, dagaa tunaingia tukiwa chakula.

#9 Binti_Pangani
Takwimu yako ni ya kweli @Mkwaju, ila kuna kitu muhimu umekiacha: ilikuwa ya besiboli, nusu ya kwanza ya msimu wa 2015. Besiboli ni kila siku kwa miezi sita, kwa hiyo mwenye programu anapata siku nyingi za kukamua. NFL ina wiki 18. Siwezi kuichukua namba ya huko nikaibandika Jumapili ya NFL.

Na mtaji peke yake hauzai faida. Mtu akiwa na vikosi 150 vibovu, kinachotokea ni kwamba anapoteza mara 150 haraka zaidi.

#10 Nyota_ya_Buguruni
Mimi niko Dar na hizo DraftKings siwezi kuingia, lakini nimeelewa hoja ya #1 kuliko mnavyodhani, kwa sababu kijiweni kwetu tumejitungia yetu.

Tunachukua bei za FPL, kila Jumamosi kila mtu anapanga wachezaji 8 kwa milioni 55, mechi za siku hiyo tu. Kiingilio shilingi elfu 5. Mwanzoni tulikuwa tunatuma vikosi kwenye kundi la WhatsApp. Kikaanza kituko: hakuna anayetaka kutuma wa kwanza. Watu wanakaa kimya mpaka dakika ya mwisho, kisha vikosi kumi na mbili vinadondoka kwa pamoja. Kwa nini? Aliyetuma mapema alinakiliwa, wakambadilisha mtu mmoja tu, wakampita kwa huyo mmoja.

Sasa vikosi vinatumwa kwa siri kwa mama lishe wetu, yeye hachezi wala hajui Haaland ni nani, na anavifungua mechi ya kwanza ikianza. Tangu hapo nimeona mambo. Kila mtu anamweka Haaland. Anayeshinda Jumamosi ni yule ambaye wachezaji wake wa bei rahisi hawakufanana na wa wengine. Haaland akifunga matatu kijiwe kizima kinashangilia na hakuna aliyesogea nafasi hata moja!

#11 KipangaWa254
Mama lishe kama mamlaka ya udhibiti, hii nimeipenda. Anakata asilimia ngapi?

#12 Nyota_ya_Buguruni
Anakata sahani moja ya wali maharage kutoka kwa mshindi, na hakuna anayelalamika. Mshika pesa wa kwanza alikuwa mmoja wetu, alihama mtaa na hela za wiki tatu.

#13 Ostadh_Muscat
Assalaam alaykum. Nawasoma kimya tangu mwanzo. Nauliza kwa nia njema: kiingilio cha hela, mshindi anachukua na mwingine anakosa, hii inatofautiana vipi na mkeka? Sisi huku Muscat tunacheza FPL ligi ya watu wa Zanzibar bila senti, na ushindani ni mkali kiasi cha watu kununiana msikitini. Sioni haja ya hela.

#14 FundiSaa
Wa alaykum salaam Ostadh. Kidini sina elimu ya kukujibu, hilo nawaachia wenyewe. Kisheria Marekani walitofautisha: sheria yao ya mwaka 2006 ya kuzuia malipo ya kamari mtandaoni iliiacha nje fantasi, kwa masharti, mojawapo matokeo yatokane na maarifa na ujuzi wa mshiriki, na yakusanywe kutoka kwa wachezaji wengi wa mechi kadhaa, siyo matokeo ya timu moja. Hapo ndipo biashara yote hii ilipopita. FanDuel, washindani wakubwa wa DraftKings, wakaja 2009, DraftKings 2012.

Lakini majimbo yana maoni yao. Ndugu zetu wa Seattle hawachezi kwa hela, jimbo la Washington limekataa.

#15 Mkwaju
Na msisahau kashfa ya Oktoba 2015. Mfanyakazi wa FanDuel aliona takwimu za nani kapangwa na wangapi, akaenda kushinda dola 350,000. Huo ndio ushahidi wa hoja ya #1 kwamba anayejua wenzake kapanga nini ndiye anayekula.

#16 Ubao_wa_Alama
Umepindua, Mkwaju. Alikuwa mfanyakazi wa DraftKings, na dola 350,000 alizishinda FanDuel. Takwimu zilizovuja zilikuwa za shindano la DraftKings. Wachunguzi walioajiriwa na DraftKings wenyewe walisema alizipata baada ya vikosi vya FanDuel kufungwa, kwa hiyo hakuweza kuzitumia. Mtu ana haki ya kuuliza kuhusu mchunguzi anayelipwa na mchunguzwa, ila ndivyo ripoti ilivyosema.

Kilichofuata ndicho kikubwa: kampuni zote mbili ziliwakataza wafanyakazi wao kucheza kwa hela kwenye tovuti nyingine, na mwanasheria mkuu wa New York akawaandama mpaka jimbo likatunga sheria mwaka 2016.

#17 MzeeWaKona
Nashukuru kwa masahihisho. Angalieni lakini jambo moja: kwa nini dunia nzima ilishtuka? Kwa sababu kila mtu alielewa papo hapo kwamba kuona asilimia za umiliki, yaani kila mchezaji kapangwa na wangapi, kabla ya wakati ni sawa na kushika hela. Hakuna aliyeuliza kama yule kijana alijua mpira.

@Binti_Pangani nakubali mgawanyo wako wa mashindano. Hoja yangu iwekwe kwenye yale makubwa.

#18 Salma_Kikapu
Naomba niingie upande wa tatu. Habari za dakika za mwisho ndizo zinazoamua, si mpira wala kompyuta.

Mimi ni wa NBA. Nyota akitangazwa hachezi saa moja kabla ya mechi, anayeingia badala yake anaweza kuwa na bei ya dola 3,000, ambayo ndiyo ya chini kabisa, na leo atacheza dakika 32. Ukimweka, bajeti yako imefunguka ukanunua manyota wawili. DraftKings wanaruhusu kubadilisha mchezaji ambaye mechi yake haijaanza, kwa hiyo kazi haiishi ukibonyeza kutuma. Kuna wanaokaa na orodha za majeruhi mpaka mechi za pwani ya magharibi, na kuna wanaotuma kikosi mchana wakaenda zao kulala. Hao wa pili ndio wanaolipa wa kwanza.

Nilipokuwa likizo Tanga nilijaribu kufuatilia tu bila kucheza. Mechi ya saa moja jioni ya Boston, wakati wa baridi, ni saa tisa usiku kwetu. Haiwezekani ukawa na kazi ya kawaida.

#19 Binti_Pangani
Hapo Salma umegusa kwenye jipu. NFL ina utaratibu uleule: wasiocheza wanatangazwa dakika 90 kabla. Mechi za saa saba mchana, orodha inatoka saa tano na nusu asubuhi. Hizo dakika 90 zina thamani kuliko wiki nzima ya kusoma makala.

#20 Chumvi_ya_Dallas
Kaka na dada zangu, mimi ni Mkongomani wa Lubumbashi, niko Texas, na napinga @MzeeWaKona kwa nguvu zangu zote. Kujua mpira kunalipa ukichagua mpira unaoujua!

Wamarekani wengi wanaocheza soka kwenye DraftKings wanatafuta wafungaji. Sasa someni kanuni zao. Bao ni alama 10, pasi ya bao 6, shuti 1, likilenga goli inaongezeka 1. Na krosi moja ni 0.7. Krosi! Mpiga kona akipeleka 10 ndani ya boksi ana alama 7 mkononi, hata kama washambuliaji wake wote wamelala. Enzi za Kieran Trippier pale Newcastle anapiga kona na mipira iliyokufa, beki huyo alikuwa dhahabu, na watu walikuwa wanamwangalia kama beki wa kawaida.

Nani anajua mpiga kona wa kwanza asipoanza, kona za kushoto zinaenda kwa nani? Yule anayetazama mechi kila wiki. Programu inasoma ya jana. Mimi nimeona kwenye mechi ya kombe katikati ya wiki nani alipewa mpira. Kwenye soka mimi niko juu ya mstari wa FundiSaa, na kwenye NFL siweki hata dola.

#21 Mkwaju
Juu ya mstari kwa muda gani, na kwa mashindano ya watu wangapi? Soka huko ni chumba kidogo. Programu hazijahamia kwa nguvu kwa sababu hela ni kidogo. Siku hela ikikua watahesabu krosi kuliko wewe.

#22 Chumvi_ya_Dallas
Basi mpaka siku hiyo niache nile, ndugu yangu.

#23 FundiSaa
Chumvi ametaja kitu ambacho nakiona kikubwa kuliko vyote: kuchagua chumba. Ukiwa mtu wa kumi kwa ubora duniani na ukakaa meza moja na wale tisa wa juu yako, unapoteza. Wengi wa wakubwa wa mwanzo wa mchezo huu walitoka poka ya mtandaoni, baada ya serikali ya Marekani kufunga tovuti kubwa za poka Aprili 2011. Walikuja na nidhamu ile: usiingize zaidi ya sehemu ndogo ya mtaji kwa siku, tazama nani yuko mezani kabla hujakaa, andika kila matokeo. Mpira walijifunza baadaye.

#24 Juma_wa_Takwimu
Kuna utafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, kina Anette Hosoi, uliochapishwa 2018. Walichukua data za FanDuel wakapima kama mchezaji aliyeshinda nusu ya kwanza ya msimu anashinda na nusu ya pili. Kama ni bahati tupu, hakutakuwa na uhusiano. Uhusiano ulikuwepo. Kikapu kilionekana kiko upande wa ujuzi zaidi, hoki ya barafu ikasogea upande wa bahati. Ina mantiki: kwenye kikapu pointi ni nyingi, bahati inajifuta yenyewe ndani ya mechi moja. Hoki na soka bao moja linaharibu kila kitu.

#25 Ostadh_Muscat
Data zilitoka kwa mwenye duka mwenyewe?

#26 Juma_wa_Takwimu
Ndiyo, Ostadh. Hilo limeandikwa wazi. Mbinu yao naiamini, ila utafiti unasema ujuzi upo. Haukusema ujuzi huo ni upi: mpira, hesabu, habari za mwisho au kuchagua meza. Hapo mnaweza kuendelea kugombana.

#27 Ubao_wa_Alama
Kwa upande wa FPL ushahidi wangu ni Magnus Carlsen, aliyekuwa bingwa wa dunia wa chesi wakati huo. Desemba 2019 aliongoza dunia nzima kwa muda, kati ya watu zaidi ya milioni 7, na msimu huo akamaliza ndani ya kumi bora. Mtu wa chesi! Unaniambia bahati?

#28 KipangaWa254
Milioni 7 wakirusha shilingi hewani, kuna atakayepata kichwa mara ishirini mfululizo. Tungemsikia kama angekuwa muuza mitumba wa Gikomba? Tunamkumbuka kwa sababu ni Carlsen.

#29 Juma_wa_Takwimu
Kipanga leo kaamka vizuri. Hoja yako ina uzito, ila wewe umechagua kumtazama baada ya ushindi. Swali sahihi ni: chukua watu waliomaliza ndani ya laki moja bora msimu mmoja, wangapi wanarudi humo msimu unaofuata? Kwenye ligi ndogo ya kundi letu majina ya juu hayabadiliki sana, na wa mkiani tunawajua kwa majina.

#30 Mkwaju
Wa mkiani ni wale wanaochukua hasara ya alama 4 kila Ijumaa kwa uhamisho wa hasira.

#31 KipangaWa254
Usinitaje.

#32 Salma_Kikapu
Turudi kwenye kila siku. Mtu anieleze kwa lugha rahisi kwa nini kwenye NFL wanapanga kwotabeki, yule mrusha pasi, pamoja na mpokeaji wa timu yake. Nimesoma nikaona kama kuweka mayai kikapu kimoja.

#33 Binti_Pangani
Kikapu kimoja ndiyo lengo, dada. Pasi moja ya yadi 40 inayoishia kwenye bao: kwotabeki anapata 4 za bao na 1.6 za yadi. Mpokeaji anapata 6 za bao, 4 za yadi na 1 ya kudaka. Tukio moja limekuingizia alama 16.6. Kwenye shindano kubwa unataka siku yako ikiwa nzuri iwe nzuri kupita kiasi, kwa hiyo unafunga matukio pamoja. Wengi wanaongeza mpokeaji mmoja wa timu pinzani, kwa sababu mpinzani akijibu mabao, kwotabeki wako ataendelea kurusha.

Kwenye nusu kwa nusu mimi silazimishi. Huko natafuta sakafu, wachezaji ambao wakiboronga bado wana alama 10.

#34 MzeeWaKona
Na hapo tena hakuna mpira, ni uhusiano wa namba.

#35 Chumvi_ya_Dallas
Ni mpira mtupu, mzee! Nani anarusha kwa nani kwenye yadi kumi za mwisho hujui bila kutazama.

#36 FundiSaa
Kuhusu tiketi 150 za Mkwaju, kuna kisa cha Januari 2020. Mshiriki wa zamani wa kipindi cha televisheni cha The Bachelor alishinda dola milioni moja kwenye shindano la DraftKings la dola 20, katikati ya tiketi zaidi ya laki moja. Watu wakagundua kwamba yeye na mumewe kila mmoja aliingiza 150, na vikosi vyao vilikuwa vimegawana wachezaji kiasi kwamba vilionekana kama mpango mmoja wa vikosi 300. Wenyewe walikana kushirikiana. DraftKings walichunguza, wakabadilisha matokeo, milioni ikaenda kwa aliyekuwa wa pili.

Nakitaja kwa sababu kinaonyesha tatizo la kupata ukweli. Hata tukiona matokeo, hatujui nyuma ya jina moja kuna vichwa vingapi.

#37 Nyota_ya_Buguruni
Kumbe! Kijiweni kwetu kuna ndugu wawili wa tumbo moja, kila Jumamosi mmoja wao yuko tatu bora. Nitawapelekea mama lishe hii hoja.

#38 Juma_wa_Takwimu
Wakuu, mnatoa hoja nzuri lakini wote mnasimulia kwa kumbukumbu, na kumbukumbu inapenda siku za ushindi. DraftKings wana sehemu ya kupakua historia yako yote kama faili: tarehe, mchezo, kiingilio, nafasi, ulicholipwa. Mnaocheza, pakueni. Jumlisheni viingilio, jumlisheni malipo, leteni asilimia tu, kiasi cha hela kaeni nacho.

#39 Mkwaju
Mtakimbia wote.

#40 Chumvi_ya_Dallas
Mimi sikimbii. Soka peke yake, nitaileta.

#41 Binti_Pangani
Msijumlishe pamoja, tafadhali. Tenganisheni nusu kwa nusu na mashindano makubwa, na kila mchezo peke yake. Mtu anaweza kuwa anashinda asilimia 58 kwenye vyumba vidogo na faida yote inamezwa na tiketi za kutafuta milioni siku ya Jumapili. Akijumlisha ataamini hajui kitu, akaacha mahali pale pale anapojua. Na anayepiga milioni moja bahati nasibu akijumlisha ataamini ni mjuzi.

Wekeni pia safu ya saa mliyotuma kikosi kama mnaikumbuka, nataka kupima hoja ya Salma.

#42 MzeeWaKona
Naipakua nikifika Indianapolis, hapa mtandao unakatika. Nitaweka na jambo la ziada: kwa yale makubwa, matokeo yanaonyesha asilimia ya umiliki wa kila mchezaji baada ya kufungwa. Nitatenga vikosi vyangu vilivyokuwa na wachezaji watatu au zaidi walio chini ya asilimia 5, tuone kama ndivyo vilivyolipa.

#43 Salma_Kikapu
Chini ya asilimia 5 wengi wao wapo hapo kwa sababu ni wabovu, mzee. Weka na bei zao, tusije tukawasifia wachezaji ambao hakuna aliyewataka kwa haki.

#44 KipangaWa254
Wakati mnasubiri mafaili, Jumamosi kitambaa cha unahodha kwenye FPL nimpe nani?

#45 Ubao_wa_Alama
Fungua uzi wako, Kipanga.